Maganda ya Mboga: Lipi Lipikwe, Lipi Litupwe

Huwa ninachubua nyanya kwa maji ya moto kabla ya kuunga dagaa. Je, ninapoteza kitu? (Msomaji, Ujiji)

Unapoteza, tena si kidogo. Wekundu wa nyanya unatokana na laikopeni, rangi asilia yenye faida mwilini, ambayo gramu kwa gramu imejaa zaidi kwenye ganda kuliko kwenye nyama. Kwa kuwa laikopeni huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji, nyanya iliyokatwa pamoja na ganda lake na kuivishwa taratibu kwenye mawese humfaa mlaji kuliko ile ya kachumbari. Mawese yenyewe, yakiwa bado mekundu, huongeza karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kama kinachokukera ni vile vijiganda vinavyojikunja mchuzini, ikate nyanya ndogo zaidi.

Maganda makavu ya kitunguu yana kazi gani? (Msomaji, Tabora mjini)

Yana kwasetini nyingi, mojawapo ya viambato vinavyosaidia kukinga seli dhidi ya uharibifu, ila hayatafuniki. Wengine huyachemsha katika supu na kuyachuja, na supu hupata rangi ya kahawia inayopendeza. Mimi ningejali zaidi tabaka nene la kwanza lililo chini ya ganda hilo, ambalo wapishi wenye haraka hulitupa pamoja nalo, ilhali lina kwasetini nyingi kuliko matabaka ya ndani.

Viazi vitamu tunavichemsha na kuvila na maganda, ingawa vya michembe (vipande vya kukaushwa) tunavimenya. Je, kiazi mviringo na muhogo navyo viliwe hivyo? Na mbuzi wapewe maganda? (Msomaji, Urambo)

Hapa pana hatari, kwa sababu ganda ndiyo ngao ya mmea, na ngao hiyo mara nyingine ni sumu. Ganda la kiazi kitamu kilichosuguliwa vizuri halina tatizo. Lina nyuzinyuzi, na pale palipooza pakatwe. Ganda la kiazi mviringo nalo huliwa kiazi kikiwa kizima, lakini kikishapigwa na mwanga kikawa kijani, au kikachipua, sumu iitwayo solanini huongezeka kwenye ganda na machipukizi, na kuchemsha hakuiondoi. Kimenywe kwa unene, na kikiwa kichungu kitupwe.

Muhogo ni habari nyingine kabisa. Ganda lake lina viambato vinavyotoa sumu ya sianidi, kwa wingi kuliko nyama, kwa hiyo lisiliwe na mtu hata kama muhogo ni wa aina tamu. Mbuzi wasipewe maganda mabichi. Yakatwekatwe, yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, ndipo wapewe kidogo kidogo pamoja na majani mengine.

Na dawa za wadudu zilizopulizwa shambani? (Msomaji, Kasulu)

Osha kwa maji yanayotiririka huku ukisugua kwa mkono. Dawa iliyokwisha kupenya ndani haitoki kwa kuosha, ndiyo maana mkulima anapaswa kungoja siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa kabla ya kuchuma. Kama huna hakika na shamba nyanya zilikotoka, hapo zichubue.