Mkalimani wa Lugha ya Alama Haletwi Dakika za Mwisho

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anaandaa usiku wa mashairi na hadithi, amekwisha kukodi ukumbi, vipaza sauti na taa, na sasa anatafuta mkalimani wa lugha ya alama "wa kumalizia". Neno hilo la mwisho limenikaa moyoni, kwa sababu ndilo nililolitumia mimi mwenyewe nilipoandaa shughuli yangu ya kwanza.

Usikivu wangu ulianza kupungua nikiwa mtu mzima. Navaa visaidizi vya kusikia, nazungumza, na nasoma midomo pale mwanga unaporuhusu. Kwa miaka mingi nilihudhuria ngoma, maigizo na mikutano ya jamii, nikacheka wenzangu walipocheka bila kujua kilichowachekesha, kisha nikarudi nyumbani na maumivu ya kichwa kwa kukaza macho jioni nzima. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuandaa usiku wa mashairi niliapa kwamba hapatakuwa na mtu atakayekaa kama nilivyokaa mimi. Nilimtafuta mwandishi mwepesi wa kuchapa papo hapo kila kinachosemwa, na maneno yakawa yanapita kwenye skrini kubwa. Nilitandaza pia waya wa kitanzi cha sauti kuuzunguka ukumbi, ule unaopeleka sauti ya kipaza moja kwa moja kwenye kisaidizi cha kusikia bila kelele za watu, mradi kisaidizi kiwe na telekoili, yaani koili ndogo ya kuinasa sauti hiyo, na mvaaji awe ameiwasha. Mkalimani nilimwongeza siku mbili kabla, mmoja tu, kwa saa tatu.

Kwangu usiku ule ulikuwa mtamu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilisikia shairi zima, hata pumzi aliyoivuta mshairi kabla ya ubeti wa mwisho. Nilikaa mbele kwa furaha na sikutazama nyuma. Nilipogeuka, safu ya viziwi iliyoanza na watu 11 ilikuwa imebaki na 4. Taa za ukumbi zilikuwa zimezimwa ili mshairi pekee aangaziwe, na mkalimani alikuwa amesimama pembeni, gizani, amechoka, kwani kazi hiyo hufanywa na wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, la sivyo akili huchoka hata kabla ya mikono. Tena sikuwa nimempa mashairi mapema, nikamwachia alitafsiri fumbo ambalo alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Mama mmoja aliyekuwa akitoka aliniandikia kwenye simu yake: "Mlituita tuje kusoma ukutani?"

Nilimjibu kwamba mimi pia sisikii vizuri. Alinitazama kidogo, akaenda zake. Niliumia, na nakiri kwamba jeraha hilo halijapona, lakini alikuwa amesema kweli: nilikuwa nimejiandalia mimi. Kwa mtu aliyekua kiziwi tangu utotoni, mara nyingi lugha ya alama ndiyo lugha ya moyo, na maandishi ni lugha ya pili aliyojifunza kwa shida. Shida hiyo ina historia. Mwaka 1880 mkutano wa walimu uliofanyika Milan uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na si kwa ishara, na baada ya hapo vizazi vya watoto katika nchi nyingi vilikatazwa kutumia mikono darasani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika ibara ya 30, unautambua utamaduni wa viziwi pamoja na lugha za alama. Maana yake ni kwamba kiziwi haji kwenye shughuli yetu kuokota makombo ya utamaduni wetu. Anao wake, na anaweza kupanda jukwaani nao.

Habari za vikao na bajeti za shughuli ya pili sitazieleza. Itoshe kusema kwamba viziwi wawili walikuwa katika kamati tangu kikao cha kwanza, na fedha za wakalimani zilitengwa kabla ya fedha za taa. Mshairi kiziwi alipotoa shairi lake kwa mikono, uso na mabega, sisi tunaotegemea sauti ndio tuliohitaji mkalimani. Mama yule alikuwepo, na hakuondoka mpaka mwisho. Najivunia jambo hilo kuliko shairi lolote nililowahi kuandika.

Nawe unayeandaa tamasha, na najua mko wengi, usimfanye mkalimani kuwa pambo la bango. Anza na viziwi wenyewe, mapema. Usiseme fedha hazitoshi ilhali zimetosha kwa mapambo. Anza na viziwi wenyewe, narudia, na usidhani kwamba mwenye usikivu hafifu kama mimi anaweza kuwasemea.

Kwako msomaji uliyeniandikia: kama ukumbi umekwisha kulipiwa, nenda kesho pamoja na kiziwi mmoja, mketi safu ya nyuma kabisa, muwashe taa zile zile mtakazotumia usiku huo, kisha umwulize kama anaiona vizuri mikono ya mtu aliyesimama jukwaani.