Ukienda Hawaii, anza na kasri kabla ya ufukwe

Mara ya kwanza nilipokwenda Hawaii nilikaa siku 5 ufukwe wa Waikīkī, kati ya hoteli na mchanga. Nilirudi Seattle na picha nyingi. Mama akapiga simu kutoka Tanga: "Haya, na wenyeji wa huko wakoje?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimezungumza na mwenyeji hata mmoja, ukiacha kuagiza chakula. Swali lile lilinikaa moyoni, na nilipojaliwa kurudi na mume wangu na binti yetu, tuliipanga safari upya kabisa. Naandika haya kwa ajili yenu mlioko Marekani mnaodunduliza nauli, na kwa yeyote atakayejaliwa kufika.

Siku ya kwanza, kabla hujalowesha hata unyayo, nenda kasri la ʻIolani katikati ya Honolulu. Wengi wetu tunadhani Hawaii ilikuwa Marekani tangu zamani. Sivyo. Ilikuwa ufalme unaojitegemea, wenye mikataba na mataifa makubwa. Mfalme Kalākaua alilikamilisha kasri hilo mwaka 1882, na taa za umeme ziliwaka humo kabla ya kufika Ikulu ya Washington. Mwaka 1893 kundi la wafanyabiashara na wanasheria wa kizungu, huku askari wa Marekani wakiwa wameshushwa kutoka manowari bandarini, lilimpindua Malkia Liliʻuokalani, dada yake Kalākaua. Wafuasi wake walijaribu kumrudisha mwaka 1895, wakashindwa, naye akafungwa katika chumba cha ghorofani ndani ya kasri lake mwenyewe kwa karibu miezi 8. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani, na mwaka 1959 vikawa jimbo lake la 50.

Mlangoni tulivalishwa vifuko vya kitambaa juu ya viatu ili tusikwaruze sakafu ya mbao. Tulipofika chumba kile cha ghorofani kundi zima lilinyamaza. Ndani ya kioo kuna blanketi la viraka ambalo malkia alilishona na wenzake: vipande vya hariri, bendera za ufalme wake, majina na tarehe zilizotariziwa kwa uzi. Mimi niliyelelewa na wanawake wanaosema kwa kanga yale ambayo mdomo hauwezi kuyasema, nilielewa papo hapo nilichokuwa nakitazama. Binti yangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Alirudishiwa nyumba yake?" Hakurudishiwa. Mwaka 1993, miaka 100 baadaye, Bunge la Marekani liliomba radhi rasmi.

Ukishajua hayo, kila kitu kingine unakiona kwa jicho jingine. Chukua lugha. Sheria ya mwaka 1896 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na watoto wakawa wanaadhibiwa kwa kuongea lugha ya nyumbani. Ilikaribia kufa. Imeokolewa na wazazi na walimu walioanza kufungua shule za chekechea za Kihawaii miaka ya 1980. Kwa hiyo jitahidi kuyatamka majina yao vizuri, na sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna kisingizio: irabu ni zile zile tano, na kila silabi inaishia na irabu. Binti yangu alikuwa akisoma vibao vya barabarani, Kapiʻolani, Kalanianaʻole, bila kukwama, wakati Wamarekani tuliokuwa nao wanahangaika. Alama ile ndogo kama koma iliyoinuliwa ni kukata pumzi kidogo. Na ukiuliza njia utaambiwa mauka au makai, yaani upande wa mlimani au upande wa baharini. Mtu wa pwani hapotei hapo.

Jambo moja la adabu: usimwite kila mkazi wa huko Mhawaii. Jina hilo ni la wazawa wa visiwa. Wengine, wenye asili ya Japani, Ufilipino, China au Ureno, ambao wengi wao mababu zao waliletwa kufanya kazi mashamba ya miwa, hujiita watu wa hapa tu.

Siku iliyonijibia swali la mama ilikuwa siku ya matope. Zipo jumuiya zinazofufua mashamba ya magimbi (Wakenya mnaita nduma, wao wanaita kalo) na hukaribisha wageni kufanya kazi asubuhi moja. Uliza mapema, kwa adabu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na huko nimeona maana yake. Tuliingia kwenye majaruba hadi magotini, maji baridi yakipita kutoka mlimani. Mama mmoja mtu mzima, ambaye wote walimwita anti kama tunavyoitana sisi, alinishika mkono akanionyesha: zungusha vidole kuzunguka shina, legeza mizizi, ndipo uvute. Kisha akakata gimbi, akabakiza kipande chembamba cha juu pamoja na mabua, akapogoa majani, akakirudisha kwenye tope kiote tena. Bibi yangu kule Muheza alikuwa akipanda hivyo hivyo.

Anti alitusimulia kwamba mtoto wa kwanza wa wazazi wa taifa lao alizaliwa mfu, wakamzika, na hapo kaburini likaota gimbi la kwanza. Mtoto aliyefuata ndiye babu wa watu. Gimbi, basi, ni kaka mkubwa. Likipondwa huwa poi, uji mzito wa rangi ya zambarau, na bakuli la poi likiwa wazi mezani watu hawagombani, kwa heshima ya kaka.

Waislamu, angalieni chakula. Vyakula viitwavyo kālua na laulau kwa kawaida ni nguruwe, na ile nyama ya kopo inayowekwa juu ya wali ni nguruwe pia. Samaki ni wengi na watamu; poke ya jodari ni samaki mbichi, ukiweza.

Ghuba ya Hanauma (Hanauma Bay) na mlima Diamond Head vinahitaji nafasi iliyowekwa mapema mtandaoni. Losheni za jua zenye kemikali zinazoua matumbawe haziruhusiwi kuuzwa tangu 2021, nunua yenye madini. Kasa waache walale. Mawimbi ya pwani ya kaskazini wakati wa baridi yanaua. Kama wenyeji wamekaa mchangani, nawe kaa. Na ukifika kisiwa cha Maui, usiende mji wa Lahaina kupiga picha magofu. Moto wa Agosti 2023 uliua watu takriban 100 pale, na jirani zao bado wanaomboleza.

Ukivishwa koja la maua, usilivue mbele ya aliyekuvisha, na likinyauka usilitupe kwenye pipa. Kata uzi, maua yarudishe chini ya mti.

Safari hii nilimpigia mama mwenyewe. Nilimweleza habari za malkia, kisha za anti na matope. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama majani ya magimbi nayo wanayala, au wanaogopa kuwashwa. Nikamwambia wanayachemsha muda mrefu, kisha wanayapika kwa tui la nazi, na pweza.