Picha za mitaa ya China: jaribu Baidu

Ndugu, umeuliza mbona ramani za Google karibu hazina picha za mitaa ya Beijing na Shanghai, zile za kutazama barabara kama umesimama hapo. Wenyeji walishajijengea zao. Kampuni ya China ya Tencent walianza 2011, wenzao wa Baidu wakafuata 2013 na ndio waliotanda miji mingi zaidi. Raha yake ni kurudisha miaka nyuma: unasimama kona ileile, palipo na ghorofa leo unakuta kibanda. Ila usichukue nukta ya GPS ukaibandika kwenye ramani ya Baidu hivihivi. Sheria ya huko inataka ramani zipindishwe kwa mfumo wa GCJ-02, unaosogeza kila nukta kutoka mahali pake halisi, halafu Baidu nao wakaongeza msokoto wao juu yake. Utajikuta umesogea mita mia kadhaa, pengine uko katikati ya mto!