Usiuze maksai kwa sababu ya mafuriko

Pole sana, ndugu yangu wa Magu. Umeuliza kama uuze maksai wako wawili ununue mahindi, maana Ziwa Victoria limemeza mpunga wote. Mimi nasema hapana. Baada ya mafuriko kila mtu anakimbilia mnadani, bei ya ng'ombe inaporomoka huku debe la mahindi likipanda. Halafu msimu ujao utalima na nini? Kukodi plau ndiko kunakowamaliza wengi. Uza mbuzi kwanza. Wenzako wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, waombe mapema wakusogezee mbele marejesho ya mkopo, kabla hujachelewesha. Maji yakishuka, panda marando, yaani mashina ya viazi vitamu, palepale kwenye unyevu. Viazi vikikomaa mtachemsha, vingine mtakata vipande na kuanika viwe michembe ya akiba. Ila lile jaruba la mpunga la chini kabisa usilitegemee tena: Mei 2020 maji ya ziwa yalipanda kupita hata rekodi ya 1964.