Mama katoka opereshini anakataa sindano ya maumivu, jibu kwa dada aliyeuliza

Pole sana dada, na mama mpe pole. Umesema utumbo ulijisokota akapasuliwa juzi, analala kimya, sindano anakataa kwa vile shangazi kamwambia atakuwa teja, nesi anaitwa pale hali ishakuwa mbaya. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji, miaka mingi sasa, na hili linaniuma kweli.

Uteja msiuogope. Dawa kali za maumivu kama mofini, pethidini au tramado, za siku chache kwa dozi ya daktari, mtu ana kidonda kibichi, ni nadra sana zimfanye awe tegemezi. Cha kuangalia ni pumzi, ukiona anapumua taratibu mno au unamwita haamki vizuri kimbia muite nesi saa hiyohiyo.

Kinachowatesa hapo ni kusubiri. Dawa ikiandikwa kila baada ya masaa sita ni kila baada ya masaa sita, analalamika halalamiki, maana maumivu yakishapanda sana kuyashusha ni kazi. Kwahiyo saa ikifika nesi hajapita mfuate, kwa heshima tu, wodi ina wagonjwa wengi anaweza kuwa kazidiwa. Ila msimpe panadol za kwenye mkoba kimyakimya, kwa mtu mzima mwisho ni gramu 4 kwa masaa 24, ukijumlisha na panadol anazopewa kwenye dripu ukapitisha hapo unaharibu ini. Na kama ana vidonda vya tumbo, figo au pumu semeni kabla hajachomwa diklofenaki, nayo ni sindano ya maumivu ya aina nyingine.

Halafu huo ukimya wake usikudanganye, mama zetu wamelelewa kuvumilia. Muulize maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, akiwa amelala atakwambia mbili, sasa mwambie akohoe, utasikia nane! Hiyo nane ndo ya kumwambia daktari, kwa sababu asiyeweza kukohoa anapumua juujuu, makohozi yanabaki kifuani inakuja nimonia, na asiyeinuka kitandani damu inaweza kuganda miguuni. Akikohoa akumbatie mto tumboni. Na muulizeni nesi dawa ipangwe itangulie kidogo kabla hajaamshwa kutembea, inasaidia mno.

Ila maumivu yakiwa yalishapungua halafu yakaanza kuzidi tena, tumbo gumu, homa, anatapika, hapo msiombe sindano nyingine mkatulia, aitwe daktari aje alishike hilo tumbo mwenyewe, hata kama ni usiku wa manane.