Crossmaglen Rangers na kambi iliyopakana na uwanja

Ndugu uliyeuliza kwa nini historia ya Crossmaglen Rangers haisimuliwi bila kutajwa jeshi la Uingereza, jibu linapatikana uwanjani kwao. Klabu hiyo ya kandanda ya Kigaeli, mchezo wa wachezaji 15 kila upande ambao mpira hushikwa kwa mikono na pia kupigwa kwa miguu, ilianzishwa mwaka 1887 katika mji mdogo wa kusini mwa Armagh, Ireland ya Kaskazini, karibu kabisa na mpaka wa Jamhuri ya Ireland. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jeshi lilitwaa sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya kambi ya jirani, na kwa miaka mingi helikopta zilitua na kuruka kando ya wachezaji, ambao, tusisahau, hawalipwi mshahara. Hata hivyo, chini ya kocha Joe Kernan, klabu ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Ireland nzima mwaka 1997, 1999 na 2000, kabla ya Kernan kuipa timu ya kaunti ya Armagh taji lake la kwanza la Ireland nzima, katika mashindano ya kaunti, mwaka 2002. Klabu iliongeza mataji mengine mwaka 2007, 2011 na 2012.