Je, Agostini alibebwa na pikipiki tu?

Ndugu, umeuliza kama Giacomo Agostini, bingwa wa mbio za pikipiki kutoka Italia, alibebwa na pikipiki za timu yake, MV Agusta. Sikubaliani kabisa. Kweli, Honda walipojitoa kabla ya msimu wa 1968 alibaki bila mpinzani wa maana. Lakini 1967 Honda walikuwepo, na dereva wao alikuwa Mwingereza hodari Mike Hailwood! Msimu wa 500cc (daraja la pikipiki zenye injini kubwa zaidi) uliisha wakiwa sare kwa pointi, kila mmoja kashinda mbio 5. Agostini akatwaa taji kwa kumaliza wa pili mara nyingi zaidi. Halafu 1974 akahamia Yamaha, injini ya mipigo miwili inayochoma oili pamoja na petroli, tofauti kabisa na alizozizoea. Akashinda Daytona 200, mbio maarufu za Marekani, papo hapo, na 1975 ubingwa wa dunia wa 500cc, taji lake la 15.